Kengele Inamlilia Suka, Tajiri Amelala

Nimechoka kuambiwa kwamba teknolojia itatuokoa barabarani. Kila ikitokea ajali kubwa, kabla hata majeruhi hawajafikishwa wodini, anajitokeza mkubwa mmoja mbele ya kamera kututangazia kuwa kuna mfumo unakuja: mara kamera, mara kitufe, mara programu ya simu. Tunapiga makofi, tunazika, tunasahau. Alfajiri basi linatoka stendi na dereva yuleyule aliyelala saa nne tu, akikimbizana na ratiba ileile isiyotekelezeka. Kilichoongezeka ni kengele ya kumpigia kelele sikioni.

Nazungumzia VTS. Mfumo huu wa kufuatilia mwenendo wa mabasi ya mikoani Tanzania ulianza enzi za SUMATRA, mamlaka ya usafiri ya wakati huo, na LATRA iliyoirithi mwaka 2019 ikauendeleza. Kwenye basi kunafungwa kifaa chenye laini ya simu, kinachosoma setilaiti na kutuma kituoni taarifa za basi liko wapi na linakwenda mwendo gani. Likipita kilomita 80 kwa saa, kengele inalia ndani na abiria wote wanaisikia. Dereva ana kitufe chake cha utambuzi, anakigusisha kabla ya kuondoka ili mfumo ujue nani kashika usukani. Serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku mwaka 2023, baada ya katazo la takriban miaka thelathini, mfumo huu ndio uliotolewa kama dhamana kwetu sisi tunaolala kwenye viti tukiwaachia wengine roho zetu.

Siwezi kusema haujasaidia kitu. Wanaokumbuka ligi za mabasi yaliyokuwa yakitoka Ubungo, mawili yakipigana mikiki hadi Chalinze huku abiria wa mbele wakishangilia na wa nyuma wakisali, wanajua kwamba siku hizi mambo yametulia. Mwendo ukipungua, vifo vinapungua; hilo halina mjadala. Shirika la Afya Duniani linasema ongezeko la asilimia 1 tu la mwendo wa wastani huongeza hatari ya ajali za vifo kwa asilimia 4. Kwa hiyo anayedhani nimekuja kutetea wakimbizaji magari, afunge gazeti. Ugomvi wangu ni na watu waliomfunga dereva kifaa, wakanawa mikono, na kumwacha anayemtuma akimbie ajilalie salama.

Hebu kaa kiti cha mbele kabisa, kile cha kushoto nyuma ya kioo, uangalie. Mshale uko 79. Basi linaingia kijijini, kibao cha 50 kinapita upande wako, kuna magenge ya nyanya, kuna bodaboda zimepaki kwenye bega la barabara, kuna watoto wa shule wamesimama na mabegi yao wakisubiri kuvuka. Mshale bado uko 79. Kengele kimya! Dereva ametulia kabisa, hana wasiwasi, maana amefundishwa na mashine kwamba kosa linaanzia 81. Ile 80 iliyowekwa kama ukomo imegeuka kuwa kiwango cha kufikia, na kila mita anayokwenda chini yake anaiona kama amedhulumiwa. Shirika hilohilo la Afya linatuambia kwamba mtembea kwa miguu akigongwa na gari lenye mwendo wa 65, uwezekano wa kufa ni mara nne na nusu ya ule wa kugongwa na lenye mwendo wa 50. Piga mwenyewe hesabu ya 79. Setilaiti imeona basi halali, kituoni hakuna taa nyekundu iliyowaka, na mama muuza nyanya ameshika kanga yake isipeperuke.

Toka kijijini, uone la pili, ambalo kwangu ni baya zaidi kwa sababu halisemwi. Mbele kuna semitrela la kwenda Tunduma, linatembea 70. Suka, yaani dereva wetu, anataka kulipita. Sheria inamruhusu 80. Tofauti ya mwendo wao ni kilomita 10 kwa saa, yaani haifiki mita 3 kwa sekunde. Kulipita semi la mita 18 ukiwa na basi la mita 12, na nafasi kidogo ya kutoka na kurudi, unahitaji kulizidi kwa kama mita 60. Hizo ni sekunde zaidi ya 20 upo upande wa wenzako. Ndani ya sekunde hizo basi limekula karibu nusu kilomita, na gari dogo linalokuja mbele kwa 100 limekula mita 600. Unataka barabara nyeupe ya zaidi ya kilomita moja mbele yako ndipo ulipite lori moja. Nionyeshe ni wapi kati ya Mikumi na Kitonga utaipata kilomita hiyo kila unapoihitaji.

Zamani angekanyaga hadi 100, akamaliza kwa sekunde 7 na kurudi kwake. Sasa akikanyaga, kengele inalia, taarifa inakwenda, kesho anaitwa ofisini. Kwa hiyo anatoka na 80 yake, anaburuzana na lori ubavu kwa ubavu, abiria wa kushoto wakilitazama lile semi dirishani mwao, na mbele inatokea IT. Magari ya IT, yale yanayopita nchini kwenda nchi jirani, mnayajua. Yametoka bandarini, yana namba za kubandika, madereva wake wanakimbilia mpakani wakarudi kuchukua jingine, na kengele inayowalilia hakuna. Tumefunga breki upande mmoja wa barabara, upande wa pili tumeacha watu wapae, halafu tunashangaa wakikutana katikati.

Najua jibu la wataalamu: asipite, avumilie nyuma ya lori. Ni jibu sahihi. Mimi mwenyewe ningemwambia hivyohivyo. Ila uvumilivu unakula muda, na muda wa dereva una mwenyewe.

Mwenyewe ni tajiri. Madereva wetu humwita mwenye basi tajiri, hata kama basi lenyewe bado ni mali ya benki. Sasa hiki kifaa tulichoambiwa ni cha usalama hakiwasiliani na Serikali peke yake. Tajiri naye anaweza kuliona basi lake kwenye simu akiwa amekaa barazani na kahawa yake. Anaona nukta inatembea, inasimama, na nukta ikisimama anapiga simu: "Mbona umekaa Msamvu dakika ishirini? Mwenzako kashapita Mikumi!" Dereva anapokea akiwa anaendesha, kwa sababu simu ya tajiri haiachwi ikaita. Kwa mwendo wa 80 basi linatembea mita 22 kila sekunde. Akiangalia kioo cha simu sekunde 3 kuona nani anapiga, ameshakwenda mita 66 bila kuona barabara. Hapo kengele hailii, maana mwendo uko sawa.

Na si simu ya tajiri tu. Madereva walikuwa wameunganishana barabarani muda mrefu kabla ya setilaiti yoyote kuingia: ukiwashiwa taa mara mbili na anayekuja, unajua trafiki wako mbele na tochi yao ya kupima mwendo. Leo taa imehamia kwenye magrupu ya WhatsApp. Ujumbe wa sauti unaingia, "wazee, tochi Mbwewe, kwenye miembe", na suka anausikiliza kwa sikio moja huku kidole kikitafuta ujumbe uliopita aone kama Mombo nako kuna watu. Ili akwepe faini ya shilingi 30,000 ya mwendokasi anafanya jambo la hatari kuliko mwendokasi wenyewe.

Wengine wanakwenda mbali zaidi. Wanachomoa nyaya, wanaziba antena, kitufe cha dereva mmoja kinatumiwa na mwingine. LATRA imekuwa ikikamata na kufungia mabasi kwa sababu ya kuuchezea mfumo, nami naiunga mkono kwa hilo. Lakini tujiulize swali la kitoto. Fundi wa kuchezea kifaa analipwa na nani? Dereva mwenye posho ya safari ndiye anayeita fundi gereji ya kampuni, usiku, afungue dashibodi ya basi la mamilioni lisilo lake, bila mwenye mali kujua? Tusidanganyane.

Mnaodhani haya ni matatizo ya nchi zisizoendelea, tazameni Marekani. Machi 2018, mjini Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lililokuwa likijiendesha lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku akisukuma baiskeli. Kwenye kiti alikuwepo msimamizi wa kuliangalia gari. Wachunguzi wa serikali waligundua macho yake yalikuwa kwenye simu. Waligundua pia kwamba kampuni ilikuwa imezima mfumo wa breki za dharura uliokuja na gari kutoka kiwandani, na kwamba utamaduni wake wa usalama ulikuwa na kasoro kubwa. Nani alishtakiwa kwa jinai? Msimamizi peke yake. Waendesha mashtaka walisema mwaka 2019 kwamba hawakuona msingi wa kuishtaki kampuni, na mwaka 2023 msimamizi huyo akakiri kosa na kupewa miaka mitatu ya kuwa chini ya uangalizi. Mashine ya kisasa kuliko zote, na lawama ikashuka ileile njia ya zamani, hadi kwa aliyeshika usukani, yaani hata usukani wenyewe hakuwa ameushika.

Huko Ulaya, tangu Julai 2024 kila gari jipya linalouzwa kwenye nchi za Umoja wa Ulaya lazima lije na mfumo wa kumwonya dereva akizidisha mwendo uliowekwa. Sheria hiyohiyo inamruhusu auzime, ingawa unajiwasha upya kila anapowasha gari. Wakazi wa huko wana shahada, wana barabara nzuri, wana bima, na bado inabidi mashine iwashike shati kila asubuhi. Binadamu ni yuleyule. Ukimpa kinga, anaitumia kujiongezea kitu kingine. Baadhi ya madereva teksi wa Munich walipofungiwa breki za ABS miaka ya 1980, ajali zao hazikuwa chache kuliko za wenzao wasiofungiwa. Walikuwa wakikaribia zaidi gari la mbele na kufunga breki kwa kishindo, wakijua gari litasimama.

Lakini ushahidi unaotuhusu uko jirani, Nairobi, na sijui kwa nini hausomwi kwa sauti kwenye kila kikao cha usalama barabarani. Watafiti Erin Kelley, Gregory Lane na David Schönholzer walifunga vifaa vya kufuatilia kwenye matatu na kuwapa baadhi ya wamiliki taarifa kwenye simu: gari liko wapi, limetembea kiasi gani, linaendeshwaje. Wamiliki walizitumia vizuri sana. Madereva wakaongeza saa za kazi, gharama za matengenezo zikashuka, faida ikapanda, wengine wakaongeza magari. Na usalama wa abiria? Palepale. Wamiliki walipewa hata taarifa za uendeshaji wa hatari, nao hawakuzifanyia kitu cha maana. Uendeshaji ulikuja kuwa salama zaidi pale tu watafiti walipoamua kuwalipa madereva wenyewe fedha taslimu kwa kuendesha vizuri.

Someni tena mstari huo. Kifaa kilifanya kazi yake barabara: kilimpa mwenye mali alichokitaka, na alichokitaka kilikuwa hesabu ya jioni. Hakuna setilaiti inayoweza kumpa mtu nia asiyokuwa nayo.

Na hapohapo Kenya, miaka michache kabla, James Habyarimana na William Jack walibandika stika ndani ya matatu. Stika za karatasi, hazina laini wala chaji, zikiwahimiza abiria wapaze sauti dereva akiendesha ovyo. Madai ya bima kutokana na ajali yalipungua sana kwenye magari yale. Jaribio kubwa lililofuata, lile la Zusha, lilionyesha upungufu wa kati ya robo na theluthi. Gharama ya stika moja haifiki hata ya kifurushi cha intaneti cha wiki. Ajabu ni kwamba stika haina zabuni kubwa, haina uzinduzi wa kukata utepe, kwa hiyo hakuna anayeipenda.

Turudi kwenye ratiba, maana hapo ndipo damu inapoanzia. Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Tuseme robo ya njia hiyo ni vijiji na miji yenye vibao vya 50, na robo ni kidogo. Kilomita 200 kwa mwendo wa 50 ni saa 4. Kilomita 600 zilizobaki kwa 80 isiyoshuka hata mara moja ni saa 7 na nusu. Jumla ni saa 11 na nusu, na bado hujasimama mizani, hujala, hujachimba dawa, hujapanda Kitonga nyuma ya malori yanayotambaa, hujaruka tuta hata moja la Mikumi. Mtu mwenye akili timamu ataweka saa 14. Sasa nenda dirisha la tiketi uulize tunafika saa ngapi. Jibu utakalopewa ni kosa la usalama barabarani lililotendwa mbele yako mchana kweupe, na hakuna trafiki anayeliandikia faini.

Madereva wenyewe hawana ubavu wa kuikataa ratiba hiyo. Aprili na Mei 2015 waligoma, stendi ya Ubungo ikajaa abiria waliokwama, na miongoni mwa madai yao lilikuwepo la kutaka mikataba ya ajira. Mkataba! Watu wanaobeba roho zaidi ya hamsini kwa safari walikuwa wanaomba karatasi ya kuonyesha kwamba wameajiriwa. Asiye na mkataba analipwa kwa safari; asiposafiri hali; akichoka anasafiri hivyohivyo. Kanuni inataka safari ya zaidi ya saa nane iwe na madereva wawili, na kitufe kiliwekwa ili tujue nani anaendesha. Kitufe hakijui kama huyo wa pili alipumzika au alitoka safari ya Mwanza jana usiku.

Abiria nasi tuache kujitia hamnazo. Nani anayepiga kelele "suka, kanyaga, umebeba viazi?" Nani anayelisifia basi kwa kuwahi, akalipigia video mshale ukiwa juu na kuirusha mitandaoni kwa mashabiki wenzake? Kengele ikilia, nimewaona watu wazima wakicheka. Wachache wanaothubutu kusema wanaambiwa washuke wapande treni.

Ninachotaka kinajulikana na hakihitaji kifaa kipya hata kimoja, kwa sababu data tayari zipo. Kila kengele iliyolia ina jina la kampuni. Ziwekwe pamoja kwa mwezi, kampuni kwa kampuni, zibandikwe ukutani Stendi ya Magufuli pale Mbezi na kila stendi ya mkoa, kwa herufi kubwa, abiria asome kabla ya kutoa nauli. Leseni ya njia iguswe kwa wingi wa kengele hizo. Zikizidi, tajiri ndiye apumzike, kwa sababu dereva atafukuzwa leo na kesho atapatikana mwingine mwenye njaa zaidi, ila leseni ni moja. Kampuni ikileta ratiba, ofisa achukue kalamu afanye hesabu niliyoifanya hapo juu, na ikishindikana kwa 80 na 50, airudishe. Ukomo ufuate kibao kilichopo njiani badala ya 80 moja kutoka stendi hadi stendi. Setilaiti inayojua basi liko Mbwewe inaweza kuambiwa pia kwamba Mbwewe ni 50. IT nazo zifungwe kifaa kabla ya kutoka getini bandarini. Na dereva alipwe mshahara wa mwezi.

Nawasikia wamiliki: gharama zitapanda, biashara itakufa. Haya, tuzungumze gharama. Madereva wawili wa kweli, waliolala kitandani, wenye mishahara, wakifika kwa saa 14 badala ya 11, wataongeza bei ya tiketi. Nauli za mabasi zinapangwa na LATRA, hazipangwi na Mungu. Ipandishwe kwa kiasi hicho, na risiti iseme wazi kwamba ziada hii ni ya dereva wa pili. Nitailipa. Atakayeona ni ghali aje tufanye hesabu pamoja, tukianza na bei ya jeneza na usafiri wa kurudisha maiti kijijini, ambao siku zote unalipwa na ndugu wa abiria.